Mjane wa Torelaga

Nyinyi watu mnaniudhi. Ile vidio ya Zack Atuti akisoma historia ya marehemu mbele ya kaburi la jezi, mmeituma mpaka imefika kwa shangazi yangu, mtu ambaye akiona kona anauliza kama ni bao. Mmecheka, mmelia, mmeandika ati huyu jamaa apewe kazi ya redio. Na hakuna hata mmoja wenu ameuliza kwa nini vidio inakatika ghafla, Zack bado ameinua mkono. Inakatika hapo kwa sababu hapo ndipo Phelix Ogada alisimama. Phelix mmemruka vile mtu anaruka shimo la barabara. Najua hamsomi vitu virefu. Leo mtasoma.

Phelix ni mtu wa upande wa ziwa, na alifanya kazi kwa kiwanda cha majani chai huku Kapsoit tangu ndevu zake zikiwa za kuhesabika. Kazi yake ilikuwa ile sehemu ya juu, mahali majani mabichi yanalazwa kwa vitanda virefu yapigwe na upepo wa feni mpaka yanyauke. Unageuza, unanusa, unageuza tena. Kelele ya feni haikuruhusu kupiga stori na mwenzako, kwa hivyo shifti nzima mtu anabaki na kichwa chake. Ukikaa hivyo miaka, ama unaokoka, ama unapata kitu cha kufikiria. Phelix alipata Torelaga.

Ilianza na mitumba. Timu ya kambi yao, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, ilikuwa inachezea fulana za kampeni, nusu ya timu ina sura ya mheshimiwa fulani, nusu ingine sura ya mpinzani wake, na mashabiki walikuwa wanarushiana matusi ya siasa badala ya kuangalia mpira. Siku moja Phelix akiwa soko ya Litein akakuta bale imefunguliwa, na ndani kuna seti nzima ya jezi: njano, na mkanda mweusi umeshuka kutoka begani mpaka kiunoni. Kifuani imeandikwa C.D. Torrelarga. Akabeba zote. Kambi ilijaribu kutamka hilo jina siku mbili hivi, ikachoka, ikasema ni Torelaga. Timu ikaitwa Torelaga, mambo yakaisha.

Yaliisha kwa wengine. Phelix alilelewa na mama ambaye hangekubali uvae nguo ya marehemu kabla ujue ni marehemu gani na alikufa aje. Sasa hapa kuna nguo za watu kumi na wanane. Akaingia kwa simu, akatafuta, akapata ukurasa mmoja wa wazee watatu wa huko Uhispania, wameandika kila kitu kuhusu hiyo klabu kwa lugha yao. Simu ikawa inamtafsiria, vibaya, lakini inatafsiri. Akasoma kila akitoka shifti. Akawaandikia. Mmoja wao, mzee anaitwa Paco, akamjibu kwamba yeye mwenyewe alidhani hata Wahispania wameshasahau Torrelarga, sasa huyu wa milima ya chai ametoka wapi? Wakasalimiana hivyo muda. Halafu ukurasa ukapotea, vile kurasa zinapotea wakati mwenye kuulipia hayuko tena. Tangu hapo historia yote ya Torelaga ikawa inaishi kwa kichwa cha mtu mmoja Kapsoit, na mtu akishakuwa peke yake na kitu, anaanza kukifungia mlango.

Historia yenyewe ni hii, na mimi naianza vile Phelix huianza, na matofali. Mji ulikuwa mdogo, wa vumbi, na kazi ilikuwa moja tu, kiwanda cha matofali. Wafanyakazi ndio walianzisha klabu. Njano ni udongo, mkanda mweusi ni moshi wa tanuri. Walicheza zile ligi za chini ambazo hata mtangazaji hazitaji. Mara moja katika maisha yao walipanda mpaka daraja la tatu, wakakaa msimu mmoja, wakarudishwa. Mara moja kombe liliwaletea timu ya daraja la pili. Wakapigwa sita bila. Lakini wakiwa chini mabao matano kipa wao aliokoa penalti, na mji mzima ukaenda nyumbani ukiimba jina lake. Baadaye kiwanda kikafungwa, vijana wakahama. Klabu ikalazimika kuungana na timu ya mji jirani, watu ambao walikuwa wanachukiana mpaka kwa harusi, na ndoa hiyo ikavunjika mapema. Msimu wa mwisho walikuwa wanafika uwanjani na wachezaji tisa. Halafu mwaka mmoja ligi ikaanza na wao hawakuwepo. Hakuna mtu alipiga filimbi. Hakuna mazishi.

Hiyo ya hakuna mazishi ndio ilikuwa inamkwama Phelix kooni. Alikuwa anaisimulia pale kwa hoteli ya Phyllis, chai na chapati mbele yake, polepole, kama mtu anageuza majani. Ukimkatiza anarudi kwa matofali. Watu walikuwa wanamsikiliza kwa heshima, ile heshima unampa mtu ukiangalia mlango.

Halafu akaja Zack Atuti.

Zack alitoka upande wa Nyamira, akaajiriwa kuendesha trekta ya kubeba majani. Ana mdomo, huyo kijana. Zack akikusomea bei ya sukari, utaketi umalizie. Alisikia historia ya Torelaga kutoka kwa Phelix kwa hiyo hoteli, mara mbili tu, na siku ya tatu Phelix akiingia alikuta watu wamesimama mpaka nje, na ndani ni Zack anasimulia.

"Real Madrid wakakuja na basi mbili," Zack anasema. "Moja ya wachezaji, moja ya viatu."

Watu wakaanguka kicheko. Phelix akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Zack," akasema. "Hawakuwahi kucheza na Real Madrid."

"Jaduong', karibu. Phyllis, mpe mzee chai." Zack hata hakugeuka vizuri. "Wazee huwa wanasahau mambo mazuri kwanza."

"Nilikuambia ilikuwa timu ya daraja la pili. Sita bila."

"Sita bila nani atasimama mlangoni kusikiliza, omera?" Hiyo ilikuwa ni Ouko, mtu wa boila kiwandani, rafiki ya Phelix wa siku zote, na ndio maana iliuma. "Wacha kijana aendelee. Tumefika dakika ya themanini."

Phelix alikunywa hiyo chai akiwa amesimama. Usiku huo, sawa na usiku mwingi uliofuata, alimtafuna Zack kuliko ugali. Ati vile anapiga meza. Ati vile analia uongo kwa kipa. Ati sasa watoto wa kambi wanamwita Zack Torelaga, na yeye aliyeleta jezi kwa mgongo wake anaitwa Baba Maxine. Dolphine, mke wake, mchuna chai mwenye mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi, alivumilia mpaka akachoka.

"Baba Maxine. Nilikaa miaka miwili nikibebewa majani mpaka kwa mizani na huyo jirani wetu mwenye meno ya dhahabu, hukuuliza kitu. Ungekuwa na wivu hivi juu yangu, saa hii ningekuwa nimenenepa."

"Si wivu. Ni ukweli nataka."

"Ukweli uliuoa lini?"

Ilikuwa wivu. Mimi siwezi kumfichia. Alikuwa na wivu wa mtu ambaye amemtunza mgonjwa peke yake, halafu wageni wakija wanampongeza aliyeleta ndizi. Na wivu ukikaa ndani unaanza kutengeneza mitego. Siku moja Phelix akamfuata Zack pale matrekta yanapimwa majani, akamwekea mkono begani, akamnong'oneza jambo ambalo, alisema, hajawahi kumwambia mtu: kipa wa kwanza wa Torelaga alikuwa padri. Alikuwa anadaka na kanzu. Uongo mtupu. Phelix aliutunga akigeuza majani. Mpango wake ulikuwa Zack auseme mbele ya watu, yeye asimame, aseme hakuna padri, na kambi yote ione huyu kijana anabeba chochote anachookota.

Akangoja. Zack, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akakaa nayo.

Katikati ya kungoja, mashini za kuvuna chai zikaletwa. Zinapita juu ya chai kama wembe wa kinyozi, na nyuma yake mistari ya wachunaji haihitajiki. Kambi ikaanza kutolewa watu, nyumba moja, halafu mstari mzima. Kiwanda nacho kikapunguza. Ouko akaenda, wachezaji wakaenda, na mechi ya mwisho Torelaga waliingia uwanjani wakiwa tisa. Phelix peke yake ndiye aliona hiyo namba, na hakumwambia mtu, kwa sababu angemwambia, Zack angeitumia.

Kocha alikuwa Kipngetich, mwenyeji, msimamizi wa shamba, mtu wa maneno machache. Baada ya mechi akakusanya jezi kwa gunia, akauliza zipelekwe wapi. Ombati, Mkisii, mzee wa chama cha mazishi cha kambi, akasema bila kucheka kwamba timu imekufa na kitu kilichokufa kinazikwa. Kwanza wakamcheka. Halafu wakanyamaza, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anaenda na hakuna mahali walikuwa wameagana. Mtu wa ziwa na mtu wa Kisii watabishana juu ya kila kitu, lakini mwili hauachwi hivi hivi. Ikakubaliwa: Jumapili, nyuma ya goli la juu, shimo lichimbwe, na historia ya marehemu isomwe, ya Torelaga ya huko na ya hapa pamoja.

"Nani atasoma?" Kipngetich akauliza.

Phelix alikuwa tayari amesimama. Amefunga kifungo cha koti.

"Zack," watu wakasema, kama kwamba wamejipanga.

Ombati alimwona. Alijaribu kumpoza. "Ogada, wewe utashika gunia. Mwenye kushika mwili ni mkubwa kuliko msomaji."

Phelix akaketi. Dolphine anasema alisikia meno yake yakisagana.

Jumapili ilikuja na watu kutoka hadi Soin na Litein, wale walikuwa wameshahama wakarudi na nguo nzuri. Phyllis alipika. Mvua ya alasiri ilikuwa imeshaanza kunyemelea juu ya chai. Gunia lilikuwa mbele, juu ya benchi, na Phelix kando yake kama askari. Zack akavaa koti la kuazima, akakohoa, na hiyo vidio yenu inaanzia hapo.

Mliona wenyewe. Alisema marehemu alizaliwa kwa matofali. Alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, hakupenda makuu. Real Madrid walikuja na zile basi mbili, wakapigwa mbili moja. Wamama wakapiga vigelegele kwa mazishi, kitu ambacho sijawahi kuona. Halafu sauti ikashuka, akasema, "Na kipa wa kwanza wa Torelaga, ndugu zangu, alikuwa padri. Alidaka na kanzu. Na penalti ya mwisho aliidaka akiomba." Hapo watu walilia. Ombati alitoa kitambaa. Mwenye alikuwa anarekodi alikuwa Judy, binti ya Phyllis, na mnasikia wenyewe vile anavuta kamasi.

Zack akainua mkono aseme marehemu ameacha nani. Phelix akasimama. Judy akazima, kwa sababu alimwona baba ya rafiki yake Maxine anaenda kujiaibisha, na Judy ana adabu kuliko nyinyi.

"Hakukuwa na padri," Phelix akasema.

Zack akamwangalia, na alionekana ameshangaa kabisa, si uigizaji.

"Jaduong', si wewe uliniambia? Pale kwa mizani. Ukanishika bega."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

Hilo swali Phelix hakuwa amelipangia jibu. Alikuwa amepanga kila kitu mpaka hapo. Watu wakamwangalia, watu aliokula nao, na akaona wanajua ni wivu. Kicheko kikaanzia kwa Ouko, kikapita mstari wa kwanza, kikafika kwa wamama.

Zack hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumtoa kwa aibu, na njia aliyoijua ilikuwa mzaha. Akamwekea mkono begani. "Ndugu zangu, msimcheke. Marehemu ameacha mjane mmoja, naye ni huyu Ogada. Mjane akisema maneno siku ya mazishi tunamsamehe. Ni uchungu."

Sasa watu walianguka. Hata Kipngetich alicheka. Ouko alikuwa amekaa chini kwa nyasi.

Phelix alingoja wamalize. Halafu akauliza, sauti ya kawaida, "Ombati. Zack amesema mbele ya watu kwamba mimi ni mjane. Umesikia?"

"Nimesikia." Ombati bado anafuta macho.

"Kwenu, mjane akikataa mazishi, inakuwaje?"

Ombati akaacha kufuta macho. Mazishi amesimamia mengi, na hiyo ni kesi ameshaiona ikivunja familia. "Jeneza inangoja," akasema polepole. "Mpaka aongeleshwe."

"Basi nimekataa."

"Ogada, wacha mchezo, shimo limechimbwa," Kipngetich akasema.

"Lifukieni. Mwili ni wangu. Zack abaki na maneno, yeye ndiye mnampenda. Mimi nachukua mwili."

Akainua gunia. Lilikuwa zito, jezi zilikuwa bado na tope na jasho la mechi, na hatua ya tatu likamvuta upande. Dolphine akatoka kwa wamama, akashika upande wa pili. Hakusema kitu cha ulimi wake. Wakapita katikati ya chai hivyo, gunia katikati yao, na mvua ikawapata kabla ya barabara. Nyuma watu walibaki na shimo, chakula na msomaji, na hakuna aliyejua kama mtu anaruhusiwa kula.

Sasa Phelix anaishi Soin, huko chini kwenye joto, anasaga mahindi kwa posho mili. Vidio ikapasuka, ikafika kila simu, Zack akawa mtu. Anaitwa kwa harusi, amefanya tangazo la mbolea. Kila mtu akija kusaga anamwonyesha Phelix hiyo vidio, na Phelix anasema ameiona.

Jumamosi alikuwa anaanika jezi kwa kamba, zisiote ukungu. Hapo ndipo Celine alimpata. Celine anasuka nywele karibu na stendi, na ni kapteni wa timu ya wanawake ya hapo, timu inayocheza na blauzi za rangi yoyote.

"Mzee, hizo unauza?"

"Hapana."

"Unaazima?"

"Hapana."

"Unazifanyia nini?"

Akamwambia aende.

Jumamosi iliyofuata alirudi na timu yote, wakakaa chini ya kamba kama watu wa mkutano. Phelix akawatolea sharti, na alidhani ni la kuwafukuza: hakuna mtu atavaa kabla ya kusikia historia yote kutoka kwake, bila kumkatiza. Wakasema sawa. Akaanza na matofali. Mmoja akakatiza, akarudi kwa matofali. Walimvumilia. Alipofika kwa kombe, Celine akainua kidole.

"Hao ni Real Madrid wa ile vidio?"

"Hawakuwahi kukutana."

"Afadhali. Hata sisi hatujakutana nao." Wenzake wakacheka. "Ilikuwa ngapi?"

Phelix akageuza jezi moja kwa kamba. "Sita bila."

"Sita tu?" Celine akageukia wengine. "Sisi timu ya Sigowet ilitutia nane, na kipa wetu hakuokoa kitu." Kipa akamrushia kiatu. "Huyo wa penalti aliitwa nani?"

Hakuna mtu, miaka yote hiyo, alikuwa amemuuliza jina la kipa. Phelix akamwambia, anaitwa Anselmo, akalirudia ili wote walishike. Akafungua kamba mwenyewe, akagawa jezi moja moja.

Msifikiri amepona. Mechi ya kwanza walipigwa tatu, na uwanja mzima ulikuwa unaita "Torelaga" ukimwangalia Celine. Nilimwona Phelix uso. Ule wivu ulikuwa pale pale, umekaa vizuri. Baada ya filimbi Celine akawa anawaelezea wamama wawili klabu ilitoka wapi, akianza na penalti, na mzee akavuka uwanja mbio, kofia mkononi, akisema hapana, hapana, anza na matofali. Celine akamsongea kwa benchi, akamwachia mwanzo.

Sasa nasikia Zack anatafuta mahali jezi zilienda, anataka kuja na kamera afanye sehemu ya pili. Kwa hivyo nakuomba wewe uliyefika mpaka hapa. Ukipitia Soin Jumamosi, tafuta uwanja mwenyewe, umuulize Ogada, na usimkatize. Lakini hii stori yangu, tafadhali, usimtumie Zack.